Kichwa cha treni ndogo kinateleza mlimani: kilivuta mabehewa 8, sasa 3. Shida iko wapi?

#1 Mwana_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina kichwa cha treni cha dizeli, kipimo cha 1:87 (yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi), mjomba aliniletea kutoka Ujerumani miaka minne iliyopita kikiwa kimeshatumika. Reli nimeitandika juu ya plaiwudi nzima, futi 8 kwa 4, na kuna daraja moja. Mwaka jana kilikuwa kinapandisha mabehewa 8 darajani bila shida. Tangu mwezi wa sita kimeanza kulegea: yakawa 6, yakawa 5, wiki hii ni 3. Nikiunga la nne kinafika katikati ya mlima, kinanguruma, hakisogei. Nimesafisha reli, nimetia mafuta ya cherehani kwenye gia, hali ni ileile. Mwanangu wa miaka saba kila jioni ananiuliza kama treni imepona. Kitu gani kinaua nguvu?

#2 Dada_Lehemu
Pole mkuu. Kabla ya yote: kikikwama, magurudumu yanaendelea kuzunguka palepale au nayo yanasimama? Hayo ni magonjwa mawili. Yakizunguka, mota ina nguvu ila gurudumu halishiki reli. Yakisimama, gurudumu limeshika ila mota imezidiwa. Ukipewa dawa kabla ya kujibu hili, utanunua vitu ambavyo huvihitaji.

#3 Kapi_la_Mwanza
Mota imechoka hiyo. Nilikuwa na kichwa cha zamani, sumaku yake ikaisha nguvu, dalili zilikuwa hizohizo: kinanguruma, kinapata moto, hakivuti. Nilipobadilisha sumaku kikarudi ujana.

#4 Chubwi_Forodhani
Sheikh, kiongezee uzito tu. Sisi huku Unguja tunazo chubwi za nyavu, risasi safi, unaipondaponda ikae bapa unaibandika ndani ya bodi. Changu nilikitia gramu 60, kikaanza kuvuta kama punda wa Malindi.

#5 Mwana_Tabata
Nashukuru kwa kunijibu upesi. @Dada_Lehemu nimeangalia sasa hivi kwa tochi: magurudumu yanazunguka. Yanazunguka kichwa kikiwa kimesimama. Ila mara moja moja, hasa jioni, yanazunguka polepole sana kama yanataka kusimama.

#6 Dada_Lehemu
Basi @Kapi_la_Mwanza, sumaku tuiweke pembeni kwanza. Sumaku ikichoka, mota inakula umeme mwingi, bila mzigo inakimbia kuliko zamani, ukiipa mzigo inasimama. Haiwezi kuwa ndiyo inayotelezesha magurudumu. Hiyo "mara moja moja jioni" ndiyo inanisumbua, tutairudia.

#7 Kapi_la_Mwanza
Sawa dada, lakini sijaondoka. Andikeni kwamba nilisema.

#8 Kijana_wa_Dortmund
Mkuu geuza kichwa chako, miguu juu, uangalie magurudumu. Vichwa vingi vya huku vya aina hiyo vina magurudumu mawili au manne yenye mfereji, na ndani ya mfereji kuna ringi nyembamba ya mpira. Hiyo ringi ndiyo inayong'ang'ania reli. Ikizeeka inakuwa ngumu na kung'aa kama plastiki, au inatanuka na kulegea. Mafuta yanaiharibu haraka zaidi. Umesema umetia mafuta ya cherehani. Kama ulitia mengi, gia ikizunguka inayarusha hadi kwenye magurudumu.

#9 Mwana_Tabata
Nimegeuza. Bogi (ile fremu ya magurudumu chini ya kichwa) moja tu ndiyo yenye gia, ya nyuma. Magurudumu mawili yana ringi. Ni nyeusi, zinang'aa, nikizibonyeza kwa kucha haziingii ndani. Moja ina ufa. Na kweli kuna mafuta.

#10 Kijana_wa_Dortmund
Tumeshampata mwizi.

#11 Injini59
Mmempata mmoja. Salamu kutoka Nairobi. Naomba namba kabla ya hukumu. Mwana_Tabata, nipimie vitu vinne: uzito wa kichwa kizima, uzito unaokaa kwenye ile bogi ya nyuma peke yake (iweke kwenye mizani ya jikoni, bogi ya mbele iegemee kitabu chenye kimo sawa na mizani), uzito wa behewa moja, na daraja lako linapanda sentimita ngapi kwa umbali gani.

#12 Mwana_Tabata
Kichwa gramu 310. Bogi ya nyuma 170. Behewa wastani 85. Daraja lina kimo cha sentimita 7, mteremko una urefu wa mita moja na nusu.

#13 Injini59
Mita moja na nusu kwa sentimita 7! Huo ni mlima wa asilimia 4.7. Wanaojenga reli ndogo hujitahidi wasizidi 2 au 3. Fuateni hesabu hii.

Kila behewa lina ukinzani wake hata kwenye tambarare. Kwa treni ndogo chukua asilimia 2.5 ya uzito. Treni halisi ni kama sehemu ya kumi ya hapo, ndiyo maana huwezi kulinganisha. Ongeza mlima 4.7, unapata 7.2. Behewa la gramu 85 linadai gramu 6.1 za mvuto. Kichwa chenyewe nacho kinajibeba: 310 mara asilimia 4.7 ni gramu 14.6.

Mabehewa matatu: 18.3 jumlisha 14.6, karibu 33. Mabehewa manane: karibu 64. Ringi ngumu kama plastiki inashika kama chuma kitupu, tuseme theluthi... hapana, nijisahihishe, tuseme moja ya tano ya uzito ulioikalia. Moja ya tano ya 170 ni 34. Kwa hiyo kichwa chako kinavuta mabehewa matatu hasa. Hakuna uchawi.

#14 Mwana_Tabata
Mkuu nimeisoma mara tatu. Matatu kamili! Lakini sasa niambie, yale manane ya mwaka jana yalipandaje?

#15 Injini59
Daraja lilikuwa na kimo hichohicho?

#16 Mwana_Tabata
Lilikuwa sentimita 5. Nililiinua mwezi wa tatu ili treni nyingine ipite chini.

#17 Injini59
Ndiyo hiyo. Kwa kimo cha 5 mlima ni asilimia 3.3. Mabehewa manane yanadai gramu 50 tu. Kuinua sentimita mbili umejiongezea gramu 14. Mpira ni nusu ya kesi, daraja ni nusu nyingine.

#18 Mwana_Tabata
Hapo ndipo sikubaliani. Niliinua mwezi wa tatu. Mwezi wa nne na wa tano kilikuwa bado kinavuta manane, nina video ya sikukuu ya Idi nikiwa na watoto wa jirani. Kushuka kulianza mwezi wa sita.

#19 Kijana_wa_Dortmund
Kwa sababu ringi zilikuwa bado laini! Ringi mpya inaweza kushika hata theluthi moja ya uzito, wakati mwingine zaidi.

#20 Injini59
Theluthi ya 170 ni 57. Manane yanahitaji 64. Bado haifiki.

#21 Chubwi_Forodhani
Ndiyo maana nikasema uzito, ndugu zangu. Namba zenu zote zinazidishwa na ile 170. Mkiongeza hiyo, mmemaliza.

#22 MzeeWaKarakana
Wanangu, nimefanya kazi karakana ya vichwa vya dizeli Morogoro miaka mingi, na haya mnayosema nimeyaona kwenye vile vikubwa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya reli yenye vumbi na mafuta, kichwa cha mamia ya farasi kinateleza kama kinda la bata. Dereva anafungua mchanga, unamwagika mbele ya gurudumu, linashika. Chubwi ni sawa lakini kwa kiasi. Gurudumu kuteleza ni ulinzi. Ukilizuia kabisa lisiteleze, siku treni ikikwama mota itabaki imesimama na umeme umejaa, itaungua. Heri iteleze.

#23 Dada_Lehemu
Shikamoo mzee. Hilo la ulinzi watu wengi hawalijui, asante.

#24 MzeeWaKarakana
Marahaba mwanangu.

#25 Panya_Buku
Kwa hiyo na sisi tumwage mchanga kwenye reli ndogo?

#26 MzeeWaKarakana
Hapana! Ule mchanga utaingia kwenye gia zako na kuzisaga zote. Kwenye treni ndogo usimwage kitu chochote.

#27 Panya_Buku
Nimeelewa mzee. Na msasa? Nimeona mtu anapiga reli msasa zing'ae.

#28 Kijana_wa_Dortmund
Usipige. Msasa unaacha mikwaruzo na uchafu unajificha humo, baada ya wiki mbili reli inakuwa chafu kuliko mwanzo. Kitambaa cha pamba na spiriti vinatosha.

#29 Kapi_la_Mwanza
Penseli ya 4B je? Mimi napaka reli kwa penseli, umeme unapita vizuri mno.

#30 Dada_Lehemu
Umeme ndiyo. Lakini ile risasi ya penseli ni grafaiti, inalainisha. Kwenye tambarare sawa, mlimani unajichimbia shimo.

#31 Kapi_la_Mwanza
Napaka kidogo sana, tena ukingo wa ndani tu. Miaka miwili sijaona tofauti ya kuvuta.

#32 Mtoto_wa_Posta
Nawasoma tangu mwanzo. Kwani asiweke sumaku chini ya kichwa ili inyonye reli? Kampuni ya Tri-ang ya Uingereza iliuza mtindo huo miaka ya 1960, waliuita Magnadhesion.

#33 Injini59
Ulifanya kazi kwa sababu reli zao zilikuwa za chuma. Nyingi za leo ni za aloi ya shaba na nikeli, sumaku haizishiki. Mwana_Tabata aguse reli yake kwa sumaku ya friji aone.

#34 Mwana_Tabata
Nimegusa, haishiki kabisa. Nimejaribu pia kukata ringi kutoka kwenye tyubu ya baiskeli wakati nasubiri mpya. Imekaa nene, kichwa kinadunda kama kinapita kwenye matuta, nimeitoa.

#35 Kijana_wa_Dortmund
Usijisumbue na tyubu. Nipimie kipenyo cha gurudumu ndani ya mfereji, nipe kwa milimita. Binamu yangu anakuja Dar wiki ijayo, nitampa pakiti.

#36 Mwana_Tabata
Mungu akubariki sana. Nimekutumia inboksi.

#37 Mtoto_wa_Posta
Wakati tunasubiri: hivi 1:87 na ile ya Waingereza ya OO si kitu kimoja? Reli zinaingiliana.

#38 Injini59
Reli ni moja, upana wa milimita 16.5. Treni zenyewe tofauti: OO ni 1:76.2. Ukizidisha 16.5 kwa 76.2 unapata milimita 1,257, wakati reli ya kawaida duniani ni 1,435. Kwa hiyo treni za OO zimesimama juu ya reli nyembamba kuliko inavyopasa.

#39 Treni_ya_Mbeya
Na hapo ndipo sisi wa TAZARA tunapopata raha. Reli yetu ni milimita 1,067. Ukijenga kwa kipimo cha 1:64 juu ya reli hiyohiyo ya 16.5, unapata 1,056, tofauti ya milimita 11 tu. Watu wa Australia na New Zealand wanafanya hivyo kwa reli zao. Mimi nimeanza kujenga kipande cha Mlimba kwenda Makambako, mahandaki na madaraja.

#40 Panya_Buku
Weka picha mkuu!

#41 Treni_ya_Mbeya
Nitafungua uzi wake. Nisiharibu huu.

#42 Injini59
Fungua kweli, nitakuwa wa kwanza. Na kwa kuwa mzee kagusa vichwa vikubwa, niwape mfano wa nyumbani. Zile Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, za kundi la 59, zilizojengwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950, 34 kwa jumla, kila moja ikapewa jina la mlima. Mount Gelai ipo hapa makumbusho ya reli Nairobi, nenda uiguse. Ilikuwa na uzito wa tani 252, lakini uzito ulioyakalia magurudumu yanayosukuma ulikuwa tani 21 kwa ekseli, ekseli nane, yaani 168. Nguvu ya kuvuta pauni 83,350, sawa na tani 37. Gawanya: kidogo zaidi ya moja ya tano. Angalia hesabu ya #13. Chuma juu ya chuma hakibadiliki, iwe Mombasa au juu ya plaiwudi ya Tabata.

#43 MzeeWaKarakana
Umenikumbusha mbali sana. Nilipokuwa kijana nilipanda treni iliyovutwa na mojawapo, usiku, mlio wake ukisikia unajua mlima umeanza.

#44 Mwana_Tabata
Wakuu, ripoti. Ringi zimefika, Kijana_wa_Dortmund ahsante sana. Nimefuta mafuta yote kwa spiriti, nikavalisha kwa kijiti cha meno. Nikapima mvuto: nimeweka kopo la gramu 200 kwenye mizani, nikalifunga uzi uliopita juu ya kibiringo, upande wa pili nikafunga kichwa. Kikivuta, mizani inashuka. Kwa ringi za zamani ilishuka 34. Ringi mpya: 52.

Mabehewa: 6. Nane hayapandi.

#45 Injini59
Toa 14.6 kwenye 52, gawanya kwa 6.1. Ni 6.1. Sita.

#46 Dada_Lehemu
Hesabu yako ni nzuri kaka, ila umekisia kwamba mabehewa yote yana ukinzani wa 2.5. Umeyapima? Mwana_Tabata, chukua ubao wa mita moja, weka behewa moja moja, inua ncha polepole hadi lianze kujisogeza. Likianza kwenye sentimita 2.5, ukinzani ni 2.5.

#47 Mwana_Tabata
Nimepima yote manane. Sita yanaondoka kati ya 2 na 2.5. Mawili hayakuondoka hadi 6! Nimeyafungua. Kwenye ekseli kumejiviringisha nyuzi nyeusi, nikadhani uzi wa zulia. Mke wangu kaangalia mara moja kasema hizo ni rasta. Anasuka watu sebuleni, chumba kilekile cha reli. Alianza mwezi wa sita.

#48 Chubwi_Forodhani
Mwezi wa sita!

#49 Kijana_wa_Dortmund
Huku Ulaya adui ni zulia. Sikuwahi kuwaza rasta.

#50 Mwana_Tabata
Nimefungua na bogi yenye gia. Humo pia zimo, zimejizungusha na grisi ya zamani iliyoganda, nimetoa kwa koleo ndogo kama donge la ugali. Mke wangu anasema asisingiziwe yeye peke yake, grisi hakuitia yeye. Tumekubaliana nishone pazia la plastiki lifunike reli akiwa kazini.

#51 Kapi_la_Mwanza
Grisi imeganda, nyuzi kwenye gia: hapo mota lazima ilikuwa inazidiwa. Nilisema.

#52 Dada_Lehemu
Ulisema sumaku.

#53 Kapi_la_Mwanza
Nilisema mota imechoka. Imechokeshwa.

#54 Mwana_Tabata
Baada ya kusafisha: mabehewa 7. Nikamsikiliza Chubwi_Forodhani, nikaweka risasi gramu 40 juu ya bogi ya nyuma. Yakapanda 8! Mwanangu kapiga kelele hadi jirani wakatoka. Lakini baada ya dakika kumi bodi ikawa ya moto, harufu ya mota. Nimetoa risasi.

#55 MzeeWaKarakana
Umefanya vema. Na osha mikono na sabuni kila ukigusa risasi, mtoto asiishike kabisa. Ni sumu. Nati za chuma zinatosha.

#56 Chubwi_Forodhani
Changu gramu 60 na hakipati moto. Lakini changu kinasukuma kwa bogi zote mbili, hilo nalikubali.

#57 Mwana_Tabata
Kitu kimebaki ambacho sikielewi. Nimeandika siku tano. Asubuhi saa mbili: 7, 7, 7, 6, 7. Jioni saa moja na nusu: 5, 5, 6, 5, 5. Reli ileile, kichwa kilekile, mabehewa yaleyale.

#58 Dada_Lehemu
Hii ndiyo niliyoiweka kiporo kwenye #6. Umeme wa mtaani jioni unashuka, kila nyumba imewasha. Transfoma ya zamani isiyo na kidhibiti inashuka nao. Pima volti kwenye reli asubuhi na jioni.

#59 Chubwi_Forodhani
Si umeme huo, ni unyevu. Jioni upepo wa bahari unaingia, reli inapata jasho jembamba hulioni kwa macho. Sisi wa pwani tunajua, hata chumvi kwenye kibakuli inalowa. Na alisema magurudumu yanateleza. Umeme ukishuka hayatelezi, yanazunguka taratibu tu.

#60 Kijana_wa_Dortmund
Au mota inapata moto? Asubuhi ndiyo mara ya kwanza, jioni mtoto ameshacheza saa mbili. Mota ikipata moto inalegea.

#61 Mwana_Tabata
Hapana, mtoto hurudi shule saa kumi na moja, hachezi hadi mimi nifike. Jioni kinaanza kikiwa baridi.

#62 Mwana_Tabata
Nimepima leo. Asubuhi kwenye reli volti 12.1. Jioni saa 1:40, volti 10.8. Yakapanda 5. Kisha nikaifuta reli yote kwa kitambaa kikavu, sijagusa kingine, volti bado 10.8: yakapanda 6.

#63 Chubwi_Forodhani
Kitambaa kikavu! Kimefuta nini kama si unyevu?

#64 Injini59
Kimefuta vumbi pia. Na moja limebaki halijapanda. Lile la saba liko wapi?

#65 Dada_Lehemu
Lipo kwenye volti 1.3 zilizopotea. Mwana_Tabata, hiyo 10.8 uliipima magurudumu yakiwa yanazunguka, au kichwa ukiwa umekishika kwa mkono?

#66 Mwana_Tabata
Reli tupu, kichwa sijakiweka. Kesho jioni nitapima mara tatu: tupu, kikivuta, na kikishikwa. Mwanangu ndiye atakayeandika namba.